Upinde wa Kompaundi kwa Bei Nafuu: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Upinde wangu wa kwanza wa kompaundi niliununua kwa dola 180, kwenye maegesho ya magari hapa Ohio, kwa mtu aliyekuwa anahama nyumba. Ulikuwa mweusi, mzuri, una alama ya kampuni kubwa, na ulinizidi kwa inchi moja na nusu. Sikujua kwamba upinde unaweza kumpwaya mtu kama kiatu. Kwa wiki tatu upote, yaani kamba ya upinde, ulinichapa mkono wa kushoto mpaka ngozi ikawa ya zambarau, na mishale ikawa inakwenda inakotaka yenyewe. Nilijilaumu mimi, nikalaumu mishale, nikalaumu upepo. Fundi wa duka la pinde alipouona tu akacheka, akanipima mikono kwa futi ya kamba, akasema: huu si wako.

Nilipaswa kujua. Nimekulia Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, kwenye vitunguu. Majirani zetu Wahadzabe walikuwa wakija sokoni na pinde zao, upote wa mshipa wa mnyama, mishale ina manyoya ya ndege. Mtoto wao mdogo huwa na kaupinde kadogo. Akikua, na upinde unakua. Hapewi upinde wa baba yake ili "auzoee". Mimi nilikuja Marekani nikajinunulia upinde wa baba wa mtu mwingine.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mwili wako. Duka linafuata baadaye.

Kwanza, ujue unanunua nini

Kompaundi ni upinde wenye roda mbili nchani, moja juu na moja chini, zikiunganishwa na upote pamoja na kebo. Aliyeubuni ni Holless Wilbur Allen wa Missouri. Aliomba hataza mwaka 1966, akapewa mwaka 1969. Roda zake si duara kamili. Umbo lake limepindishwa kwa hesabu, hivyo unapoanza kuvuta uzito unapanda haraka, unafika kileleni, halafu karibu na mwisho unaporomoka. Punguzo hilo ndilo roho ya chombo. Upinde wa ratili 50, yaani unaotaka nguvu ya ratili 50 kuuvuta, wenye punguzo la asilimia 80 unakuachia ratili 10 tu za kushikilia wakati unalenga. Upinde wa kawaida hauna huruma hiyo: ukifika mwisho wa kuvuta ndipo uzito unapokuwa mkubwa kuliko wote, na mikono inaanza kutetemeka.

Lakini faida hiyo ina sharti. Kompaundi ina mahali inapogota, kama mlango uliofika kwenye fremu. Huwezi kuvuta zaidi ya hapo, na ukiishia kabla ya hapo unabaki umebeba uzito wote. Mahali hapo pa kugota lazima palingane na mwili wako. Ndiyo maana kipimo kinatangulia bei.

Hatua ya 1: Pima urefu wako wa kuvuta

Simama umeegemea ukuta, tandaza mikono pande zote usawa wa mabega, viganja vikitazama mbele. Usijinyooshe kama unayetaka kugusa kuta mbili. Mtu akupime kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi cha mkono mwingine, kwa inchi. Gawa kwa 2.5. Jibu ndilo makadirio ya urefu wako wa kuvuta, yaani umbali kutoka upinde hadi upote ukiwa umeuvuta mpaka mwisho.

Mimi nina sentimita 175 za mikono, yaani karibu inchi 69. Ukigawa unapata karibu 27.5. Ule upinde wa maegesho ulikuwa umewekwa inchi 29.

Hayo ni makadirio, si amri. Uthibitisho ni pale unapovuta mbele ya fundi. Ukiwa umevuta hadi mwisho, upote unatakiwa uguse kwa wepesi ncha ya pua na pembe ya mdomo, kichwa kikiwa wima. Urefu wa kuvuta ukizidi, utajiona unaegemea nyuma kama mtu anayevuta ng'ombe, mkono unaoshika upinde umekakamaa, upote umepita shavu, na ukiachia unachapwa. Ukipungua mno, utakukunja, shingo imeingia mabegani. Ukijikuta kati ya vipimo viwili, chukua kilicho kifupi. Ufupi wa nusu inchi unavumilika, urefu wa nusu inchi unaadhibu.

Hatua ya 2: Jicho gani linalotawala?

Nyosha mikono yote miwili mbele, unganisha viganja uache kitundu kidogo katikati, tazama kupitia humo kitu kilicho mbali, kwa mfano swichi ya taa. Fumba jicho la kushoto. Kitu kikibaki palepale, jicho lako la kulia ndilo linalotawala. Kikiruka, ni la kushoto.

Upinde wa mkono wa kulia hushikwa kwa mkono wa kushoto na kuvutwa kwa wa kulia, na wengi hukosea hapo wanapoagiza mtandaoni. Mtu wa mkono wa kulia mwenye jicho la kushoto ana njia mbili: ajifunze kuvuta kwa kushoto, au aweke kiziba kwenye jicho. Kwa anayeanza kabisa, ambaye mwili wake haujazoea upande wowote, mimi ningefuata jicho.

Hatua ya 3: Uzito, na kiburi chake

Hapa ndipo wanaume tunapoaibika. Dukani utaona vijana wakiinua upinde kuelekea dari ndipo wapate kuuvuta, macho yamewatoka, kisha wanasema uko sawa. Hauko sawa. Upinde unaotakiwa kuelekezwa mbinguni ili uvutike umekushinda, na pia ni hatari: rilizi, kile kifaa cha mkononi kinachoshika na kuachia upote, ikikuponyoka, mshale unakwenda usikokujua.

Kipimo cha kweli ni hiki. Kaa kwenye kiti, miguu mbele, upinde wenye mshale ndani umeelekea shabaha, vuta moja kwa moja bila kuupandisha. Shikilia kwa sekunde 20. Kisha urudishe upote taratibu, bila kurushwa mbele. Rudia mara kadhaa. Ukiweza bila kutetemeka, uzito huo ni wako. Watu wazima wengi wanaume huanza vizuri kati ya ratili 40 na 50, wanawake wengi kati ya 25 na 40, watoto kuanzia 10 na kuendelea. Misuli inayovuta upinde iko mgongoni, kati ya mabega, na si misuli tunayoitumia kubeba magunia. Mpagazi wa Kariakoo anaweza kushindwa na ratili 55 siku ya kwanza.

Kama nia yako ni kuwinda, angalia sheria ya jimbo lako kabla ya kuchagua. Ohio inadai upinde wa kuwindia kulungu usipungue ratili 40; Minnesota inatosheka na 30. Kama nia ni mashindano, kanuni za dunia zinaweka kikomo cha ratili 60 na umbali wa mita 50, na mchezo wenyewe unaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2028, kwa timu za mchanganyiko, mwanamume na mwanamke. Kwa vyovyote vile, ratili 70 ambazo kila tangazo linazitaja huzihitaji.

Hatua ya 4: Gawa fedha kabla hujapenda upinde

Kosa la pili nililolifanya ni kumaliza fedha zote kwenye upinde. Upinde peke yake haurushi kitu. Unahitaji mishale, rilizi, na kitu cha kupiga. Tuseme una dola 500. Hivi ndivyo ningezigawa leo: upinde wenye vifaa vyake usizidi 300, mishale sita 50, rilizi ya mkononi 40, shabaha ya sponji ngumu au ya gunia 60, na 50 za fundi akuwekee kila kitu mahali pake. Ukinunua wa mtumba, ongeza akiba ya dola 100 au zaidi kwa upote na kebo mpya, maana karibu kila mtumba unazihitaji hata muuzaji akiapa.

Ukiwa na 350 tu, bado inawezekana kwa mtumba, ila usipunguze kwenye mishale wala kwa fundi.

Hatua ya 5: Mpya au mtumba?

Kwa mpya, tafuta upinde unaorekebishika kwa upana, na unaorekebishwa kwa alenki pekee bila kupelekwa kwenye presi, mashine ya fundi ya kubana mabawa ya upinde. Bear Cruzer G2 hurekebishika kutoka ratili 5 hadi 70 na inchi 12 hadi 30 za kuvuta. Diamond Infinite Edge Pro ni ratili 5 hadi 70, inchi 13 hadi 31. Pinde za namna hii zinamfaa baba na mtoto wake, na zikikuchosha zinauzika. Mara nyingi huja kama kifurushi: pini za kulengea, kiegemeo cha mshale, podo na kitundu cha kuchungulia kwenye upote. Pini na podo za kifurushi ni za kawaida tu, lakini zinatosha mwaka mzima. Kiegemeo cha manyoya, kile cha duara lenye brashi inayoushika mshale pande zote, ni rafiki mkubwa wa anayeanza kwa sababu mshale haudondoki.

Kwa mtoto, au nyumba yenye watu wengi wa saizi tofauti, kuna Genesis. Hiyo ina ratili 10 hadi 20, haina punguzo wala mahali pa kugota, hivyo kila mtu anaivuta kwa urefu wake. Shule za Marekani zilizomo kwenye mpango wa kitaifa wa kufundisha upinde, ulioanzia Kentucky mwaka 2002, zinatumia huo. Kuwindia haufai.

Usidanganywe na kasi. Namba ya futi kwa sekunde iliyoandikwa kwenye boksi imepimwa kwa ratili 70, inchi 30 za kuvuta na mshale mwepesi wa greni 350 (greni ni kipimo cha uzito wa mshale). Kila inchi unayopungukiwa inakula takriban futi 10 kwa sekunde. Mimi wa inchi 27.5 na ratili 45 sitaiona namba hiyo hata ndotoni, na ng'ombe wa sponji hajawahi kulalamika. Tazama badala yake urefu kutoka roda hadi roda: inchi 30 hadi 33 ni wastani mzuri, na upinde mrefu hutulia zaidi mkononi. Tazama pia nafasi kati ya kishikio na upote ukiwa umepumzika. Inchi 7 hivi husamehe makosa. Inchi 6 au pungufu ni za wenye kasi na wenye uzoefu.

Zipo pinde za bei ya kutupa mtandaoni, hazina jina la kueleweka. Tatizo lake ni siku upote utakapokatika: huwezi kupata wa saizi hiyo, na mafundi wengi hawataugusa upinde huo.

Hatua ya 6: Kukagua mtumba, polepole

Nenda mchana, na chukua pamba. Ndiyo, pamba ya dukani. Ipitishe taratibu kando ya mabawa yote, yaani sehemu mbili za upinde zinazopinda, juu na chini, pembeni na karibu na roda. Mahali itakaponasa nyuzi, angalia kwa tochi. Bawa lenye ufa halina tiba. Ufa ni sababu ya kuaga kwa heshima na kuondoka. Usikubali hadithi ya gundi.

Kisha roda. Zitazame kutoka nyuma ya upinde, jicho likifuata upote: ziwe zimenyooka, zisilale upande. Pitisha kidole kwenye mfereji wa roda ukitafuta meno au mikwaruzo mikali. Roda iliyopinda mara nyingi ni ushahidi kwamba upinde ulifyatuliwa mtupu, yaani bila mshale. Nguvu ambayo ingeuchukua mshale hurudi kwenye mabawa, roda na upote, na upinde unaweza kupasuka mikononi mwako. Muulize muuzaji waziwazi kama imewahi kutokea, kisha mtazame usoni. Nawe dukani au popote, usivute upinde wa mtu bila mshale ndani na shabaha mbele.

Upote na kebo: zikiwa na manyoyamanyoya kama kamba ya kanga ya zamani, au uzi uliozungushiwa juu yake umeachana, hesabu ni za kubadilisha. Hudumu miaka miwili hadi mitatu kwa mtu anayetumia mara kwa mara, na huzeeka hata upinde ukikaa stoo. Bei yake itoe kwenye bei ya muuzaji.

Soma kibandiko kwenye bawa la chini. Mara nyingi kina uzito, urefu wa kuvuta, urefu wa upote na wa kebo. Hapo ndipo mitumba mingi inapokuangusha, kwa sababu pinde nyingine hubadilishwa urefu wa kuvuta kwa kuzungusha tu kipande kwenye roda, na nyingine zinataka kipande kipya cha saizi yako, ambacho kwa upinde wa zamani huenda hakitengenezwi tena. Muulize muuzaji jina kamili la upinde, nenda nyumbani, mpigie fundi. Upinde utakaouzwa kabla hujarudi haukuwa riziki yako.

Pia angalia skrubu kubwa mbili zinazoshika mabawa. Zikiwa zimefunguliwa sana ili "uzito upungue", na zimetoka kupita idadi ya mizunguko ambayo mtengenezaji anaruhusu, upinde huo ni mtego.

Hatua ya 7: Mishale

Kila mshale una namba ya ukakamavu, na inakwenda kinyume na akili: namba ndogo ni mshale mgumu zaidi. Kwa ratili 45 na inchi 27 au 28, 500 inafaa. Kwa ratili 60, 400. Kwa 70, 340. Mshale laini mno hujipinda vibaya unapoachiwa. Mwepesi mno ni karibu sawa na kufyatua mtupu, kwa hiyo shika kanuni ya angalau greni 5 kwa kila ratili. Upinde wa ratili 45 hautaki mshale ulio chini ya greni 225, na mishale ya kawaida yenye chembe, yaani ncha, ya greni 100 inazidi hapo kwa mbali. Usikubali mishale ya zawadi ambayo hujui namba yake.

Nunua ya kaboni, ikatwe dukani kwa urefu wako. Kabla ya kila kuupiga, na hasa ukigonga kitu kigumu, ushike ncha zote mbili, ukunje kidogo huku ukiuzungusha, na usikilize. Ukisikia mlio wa kukatika, uvunje hapohapo uutupe. Mshale wa kaboni wenye ufa ukiachiwa kwa ratili 50 unaweza kupasuka na kupenya kwenye mkono unaoshika upinde.

Wahenga walisema mshale kwenda msituni haukupotea. Hawakuwa na mshale mweusi wa dola nane ndani ya nyasi za Ohio mwezi wa Julai. Chagua manyoya ya rangi ya chungwa au kijani kikali.

Hatua ya 8: Kwa fundi

Hata kama umenunua mtandaoni, peleka upinde dukani. Fundi ataweka urefu wa kuvuta, atafunga kitanzi cha rilizi kwenye upote, na atasogeza kitundu cha kuchungulia mpaka ukifumbua macho baada ya kuvuta ukione kiko mbele ya jicho lako, usikitafute. Mwombe akupigishe mshale kwenye karatasi. Karatasi iliyowambwa kwenye fremu hatua chache mbele yako inasema ukweli: tundu safi lenye alama za manyoya matatu lina maana mshale umetoka umenyooka, mpasuko wa pembeni au wa juu una maana kiegemeo au kitanzi kinahitaji kusogezwa. Ni kazi ya nusu saa ambayo ingekuchukua miezi peke yako.

Duka litakalokucheka kwa sababu hukununulia kwao, toka, tafuta lingine. Mengi hayana noma, na fundi mzuri utamjua kwa jinsi anavyotazama mabega yako kabla hajautazama upinde.

Hatua ya 9: Mwezi wa kwanza

Anza hatua tano kutoka kwenye shabaha, si ishirini. Nyuma ya shabaha pawe na ukuta au kilima, na hakikisha hakuna njia ya watu. Kishikio kikae kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, vidole vingine vimelegea. Ukikikaba, mshale unaenda kushoto au kulia bila sababu unayoiona. Wakati wa kuvuta, kidole kikae nyuma ya kitufe cha rilizi, si juu yake. Mishale 30 kwa siku inatosha. Ukichoka, acha, kwa sababu mwili uliochoka hujifunza makosa haraka kuliko mazuri.

Upake upote nta kila baada ya wiki mbili hivi za matumizi. Usiuache upinde ndani ya gari lililofungwa juani. Joto hulegeza upote na kudhoofisha mabawa. Ukisafiri nao kwa ndege, uende kwenye mzigo wa chini pamoja na mishale. Na kama unaupeleka nyumbani, kumbuka Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977, na Tanzania kuwinda bila kibali ni kesi. Uingereza nako kuwinda kwa upinde hakuruhusiwi, ila klabu za shabaha zipo tele.

Mishale sita ikianza kukaa pamoja ndani ya sahani ya chai kwa hatua 20, wiki mbili mfululizo, chukua alenki. Kaza skrubu ya bawa la juu mzunguko mmoja, ya chini mzunguko mmoja, sawasawa. Utakuwa umeongeza ratili mbili au tatu hivi. Rudi hatua kumi, uanze tena.